Kikao cha Boneti Kule Suji

Jumatatu asubuhi nilikuwa Suji, nimepata lifti ya gari kuukuu la ofisi moja lililokuwa likiteremka Same. Kwenye kiti cha nyuma alilazwa mama mwenye uchungu wa kujifungua, na mkunga mzee amemshika mkono. Dereva akawasha. Gari likatoa “ta!” moja, kisha kimya.

“Betri nzima, starta nzima,” dereva akasema. “Ni rilei, kile kikopo kinachopeleka umeme kwenye starta. Ngoja nifungue boneti.”

Bwana afisa wa ofisi hiyo, aliyekaa mbele na ambaye gari lilikuwa chini yake, akainua kidole. “Hii ni mali ya umma, ndugu. Haifunguliwi bila kibali kutoka Same.”

“Na Same tutafikaje, ndugu afisa?”

Afisa akafikiri, akaitisha kikao. Watu saba, pamoja na wapita njia, tukalizunguka boneti, naye akatuhutubia juu ya kujitegemea. Mama akapiga ukelele. Mkunga akashuka, akamsogelea afisa mpaka pua kwa pua.

“Mwanangu, huyu mtoto hangoji ajenda.” Akamgeukia dereva. “Fungua!”

Dereva akafungua. Waya mmoja wa rilei ulikuwa umeliwa na kutu pale unapofungwa. Akaukwangua kwa kisu, akaukaza, akawasha. Gari likanguruma.

Mtoto wa kike alizaliwa salama hospitalini, saa moja baada ya kufika. Lakini tukiwa bado njiani, afisa aligeuka kutoka kiti cha mbele, akatabasamu. “Mmeona faida ya kikao?”

Sote tuliitikia kwa kichwa. Lifti ilikuwa yake, na Same bado ilikuwa mbali.