Bibi wa Santuri na Ngoma Yangu

Mpaka leo ukiniuliza kama siku ile nilishinda au nilishindwa, nitakudanganya tu. Sijui.

Nilikuwa manju wa ngoma pale Songwa, na riziki yangu niliipata kwa kumfulia nguo mwalimu mmoja wa Kimarekani. Alikuwa na gramafoni, na santuri moja aliyoipenda kuliko chakula: bibi wa milimani huko kwao, anaimba peke yake, hana gitaa, hana hata wa kumwitikia. Sauti inapitia puani, haipandi wala haishuki. Kwenye jalada amekaa kitini, mikono mapajani, uso mkavu.

Nikamuuliza mwalimu bibi anaimba nini. "Habari za binti aliyekufa maji," akasema.

Lo! Binti amekufa, na yeye anaimba kama anachambua maharage! Nilikasirika, kusema kweli. Ila nikisuuza mashuka najikuta machozi yanadondokea povuni. Kwa nini? Sisi manju tunaruka, tunachekesha, tunatoa jasho. Huyu hafanyi lolote, na mimi ndiye ninayelia kwenye beseni.

Kwetu baada ya mavuno, ngoma mbili huchezwa uwanja mmoja, saa ile ile, na watu huenda wanakopenda. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Sisi tulishapigwa mara mbili, na wenzangu waliniambia wazi: "Tukipigwa leo tena, tunatafuta manju mwingine." Niliogopa sana. Bila ngoma mimi ni dobi tu.

Siku ile mambo yakaharibika mapema. Manju wa upande wa pili alitoa chatu akajivika shingoni, na watu wetu wakaanza kuhama. Sijui ni shetani gani alinishika. Niliinua mkono, ngoma zikanyamaza. Nikasimama wima, nikaimba kwa sauti ya puani habari za kijana wa jirani aliyefukiwa shimoni kule Nyarugusu akitafuta dhahabu. Hata nyusi sikutingisha.

Jamani, nilisahau kwamba kwetu ngoma ikikatika ghafla, watu wanajua msiba umeingia! Uwanja mzima ulikuja mbio, wanawake mikono kichwani: "Nani amekufa? Nani?" Chatu akabaki na mwenyewe. Mimi nikaendelea kuimba kwa sababu sikujua la kufanya, na watu wakalia kweli kweli.

Waamuzi walibishana: hawa wamekuja kwenye ngoma au wamekuja kutoa pole? Mwishowe wakatupa ushindi. Na jioni hiyo hiyo wenzangu wakachukua usinga wangu wa umanju wakampa mwingine.

"Lakini tumeshinda!" nikafoka.

"Tumeshinda," wakasema, "ila nani atatuita tena kwenye harusi?"

Nikarudi kwenye beseni langu. Miezi ikapita, hakuna aliyeniita popote. Siku moja akaja yule manju wa chatu, macho mekundu. Mkewe alikuwa amefariki alfajiri.

"Nkoi," akaniambia, yaani rafiki, "njoo umwimbie. Vile vile, bila ngoma."

Nilimwimbia mpaka udongo ukajaa kaburini. Tangu hapo wananiita kwenye kila msiba, mpaka mjini Mhunze. Nikipita mahali pana harusi, wenye harusi wananisalimia kwa heshima zote, kisha wanangoja nipite.