Macho ya Kuku, Macho ya Mwewe

Nilikuwa mwalimu wa biolojia Kigali, na nilipenda macho ya ndege kuliko somo lolote. Wanafunzi walileta ndege waliokufa, mimi nikapasua. Jicho la bundi limebanwa na pete ya mfupa, halizunguki, ndiyo maana hugeuza shingo nzima. Kuku huona pande zote, lakini giza likiingia, kwisha habari yake. Mwewe ndiye fundi: nyuma ya jicho ana vishimo viwili vya kuonea mbali, na sisi watu tunacho kimoja tu.

Mwaka 1994, watu wakiwindwa kwa kabila lililoandikwa kwenye kitambulisho, mke wa kaka yangu, aliyekuwa wa kabila lililowindwa, mimi sikuwa, alinijia nyumbani kilimani Gisozi, pale pale Kigali, amekatwa panga begani. Nikamficha bandani kwa kuku. Niliogopa kuku wangemwona na kupiga kelele. Basi nikaziba banda kwa mikeka, likawa giza tii, wakanyamaza. Nikajisifu kwamba elimu si bure.

"Wifi, sasa nimekuwa yai," alininong'oneza. Hata pale alitania!

Ila kuku hudonoa damu. Asubuhi moja aliinua pembe ya mkeka apate mwanga, akabadilisha kitambaa cha jeraha, akakisukuma nje chini ya mkeka wasimdonoe. Mwewe hujengea kiota matambara. Alikiona kutoka huko juu, mlaaniwa, akashuka, akapaa nacho. Kikamponyoka juu ya kizuizi cha barabarani, chini ya nyumba yetu, palipokuwa na wenye mapanga. Walikuwa wamemwona akipaa kutoka uani kwangu, wakapanda mbio.

"Mwalimu, hii damu iko ya nani?"

"Ya kuku. Nimechinja."

"Manyoya iko wapi?"

Waling'oa mikeka, kuku wakalipuka kwa kelele. Jirani aliyezoea kununua mayai kwetu ndiye aliyemburuta wifi kwa nywele, akampiga panga shingoni, mara ya pili, mara ya tatu, huku nikipiga mayowe na wenzake wamenikalia mgongoni.

Kuku akifa, kope la chini hupanda, likafunga jicho. Wifi alibaki ametazama juu. Nikanyoosha mkono nimfumbe, jirani akaukanyaga, akasema yeyote atakayemgusa atalazwa kando yake.

Wakaondoka. Mwewe akarudi, akazunguka juu ya ua. Nilichukua mchi wa kinu, nikasimama pale jua kali, na kila aliposhuka nilimrushia matusi na mchi. Mara ya mwisho nilimvunja bawa, nikamponda kichwa mpaka hakikuwa na umbo.

Kisha nikapiga magoti nikamfumba wifi macho. Waje waniue, mbwa wale.