Jibu la Kumi na Nne

Bernadine Wozny hakuwa mtu wa kuamini watu. Dukani alifungua boksi la mayai na kukagua moja moja, na padri wa parokia akimsifia keki alijiuliza huyu leo anataka nini. Mji mzima wa Toledo ulimjua hivyo. Lakini kazini tabia hiyo ilimfaa sana.

Kila Jumamosi asubuhi, kwenye chumba cha maktaba, aliwafundisha watu wazima waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo cha biashara. Somo lake lilikuwa yale maswali ya ajabu ambayo hutakiwi kutoa jibu. Unapewa swali na taarifa mbili, nawe unasema tu kama zinatosha kulijibu.

"Mkisoma ya pili, ya kwanza isahauni kabisa!" aliwafokea kila wiki. "Kila moja isimame kwa miguu yake. Zikishindwa, ndipo mziunganishe."

Jumamosi moja alisahau bahasha ya majibu ya jaribio la wiki iliyofuata juu ya mashine ya fotokopi. Aliporudi mbio alimkuta Charlene Tubbs, mwanafunzi wake, muuguzi wa kliniki ya figo, amesimama papo hapo akitoa nakala ya cheti chake. Kwenye jaribio hilo Charlene, ambaye hakuwahi kuvuka kumi na mbili kati ya ishirini, akapata kumi na tisa.

Damu ilimchemka Bernadine. Na lile moja alilokosa ndilo lililomuudhi zaidi. Mwizi mjanja huacha kitu makusudi, ili asishukiwe. Akaandika barua ya kufuta udhamini wake kwa Charlene, akaitia mkobani. Charlene alikuwa anaomba nafasi ya chuo kwa mwaka wa tatu mfululizo, na bila mdhamini fomu yake isingefunguliwa hata ukurasa wa kwanza.

Kabla ya kuituma akamwita.

"Kaa hapo. Nieleze la kumi na nne."

Swali lilihusu namba tano tofauti, zimepangwa kuanzia ndogo: je, wastani wake unazidi namba ya katikati? Taarifa ya kwanza: ya pili na ya nne ziko umbali sawa kutoka ile ya katikati. Taarifa ya pili: kubwa kuliko zote iko mbali zaidi na ya katikati kuliko ilivyo ndogo kuliko zote. Bahasha ilisema ya pili peke yake inatosha. Charlene alikuwa ameandika kwamba zinahitajika zote mbili.

"Ya pili peke yake haitoshi, Miss Wozny," Charlene alisema. "Chukua wagonjwa watano, dakika walizonisubiri. Mbili, tatu, kumi, kumi na moja, kumi na tisa. Kumi na tisa imeipita kumi kwa tisa. Mbili imepungukiwa nane. Taarifa ya pili imetimia, sivyo?"

"Endelea."

"Jumlisha basi."

Bernadine akajumlisha. Arobaini na tano. Wastani tisa, chini ya kumi.

"Sasa yule wa dakika tatu mpe tisa. Wastani unapita kumi. Taarifa ni ile ile, jibu limegeuka. Mimi nilihangaika na maswali ya aina hii mwezi mzima baada ya zamu, nayajua."

Bernadine alirudia hesabu mara mbili, akitafuta hila. Hakuiona. Alipoandaa majibu yale alikuwa amesoma taarifa ya pili huku ya kwanza bado imo kichwani mwake, kosa lile lile analowafokea watu wazima kila Jumamosi. Na kama Charlene angenakili, angenakili na kosa.

Aibu ilimpanda hadi masikioni. Akatoa barua mkobani, akaichana vipande vinne. Charlene aliliona jina lake kwenye kipande kimoja.

"Charlene, samahani sana. Huenda nimekosea na mengine." Akasukuma bahasha ya majibu mezani. "Ichukue, nikagulie yote."

Charlene alivuta mikono yake, akaiweka mapajani.

"Hapana, Miss Wozny. Nisomee wewe. Nikiigusa hiyo, wiki ijayo utasema nimeiona."