Fundi Boksi, mwanamke anayejenga jiko la karatasi kabla ya jiwe

Saa tatu kasoro asubuhi, jikoni kwa mkunga mstaafu hakuna sufuria hata moja iliyo mahali pake. Makabati mapya yako wazi juu, na mwanamke aliyevaa ovaroli amepiga magoti juu yake, anakata boksi la friji kwa kisu. Anakata, anajaribisha ukutani, anapunguza tena unene wa ukucha. Hatimaye analilaza boksi juu ya makabati, nalo linakaa.

"Haya mama, pika," anasema.

"Nipike juu ya karatasi?"

"Jiko la gesi libaki pale pale pembeni. Hapa katakata, kanda, weka vyombo kama siku zote. Mimi nataka kuona mikono yako tu."

Mkunga anamtazama kama anayepima homa, kisha anachukua kitunguu.

Huyu ndiye Fundi Boksi. Ana miaka arobaini na mmoja, na kazi yake ni kupima, kukatisha na kufunga mawe ya jikoni. Miaka kumi na mmoja aliajiriwa kwenye karakana ya mtu. Huu ni mwaka wake wa nne wa kujitegemea. Mafundi wengi hupima kwa futi wakaenda zao. Yeye humwachia mteja jiko la boksi siku nzima, akakaa kwenye kigoda pembeni na kuangalia.

"Mtu hajui anavyopika," anasema. "Ukimuuliza anakueleza jiko la kwenye picha. Mwache apike, utaliona la kwake."

Picha ndiyo iliyoanzisha safari hii. Wiki iliyotangulia binti wa mkunga alimwonyesha kwenye simu jiko la marumaru nyeupe, limeng'aa hata mtu anaogopa kuliwekea kikombe. Macho hayana pazia, na mama mtu naye akalitamani.

Fundi Boksi hakubisha. Alitoa mkobani kipande cha marumaru na kipande cha graniti nyeusi, akakamulia ndimu juu ya vyote viwili, akaomba chai. Walipomaliza kunywa akapangusa. Graniti ilibaki kama ilivyokuwa. Kwenye marumaru lilibaki duara lililofifia, na kila walivyolisugua ndivyo lilivyozidi kuonekana. Kizuri hakikosi ila.

"Lakini dada, si kuna dawa ya kupaka kulikinga?" binti aliuliza.

"Ipo, inasaidia mafuta yasizame. Ndimu inakula ung'avu hata ukipaka."

"Mimi ndimu ni kila siku," mkunga akasema.

"Basi mama, jiwe hili litakugombanisha na kila mgeni atakayeingia hapa."

Bei ilimalizia mjadala. Mkunga alikuwa na laki kumi na mbili kwa kila kitu, akiba ya kiinua mgongo chake, na marumaru peke yake ilitaka laki kumi na tisa. Mtu hujikuna ajipatapo. Kwenye yadi ya mawe lilikuwapo bamba moja la graniti nyeusi lililobaki kwenye kazi ya watu wengine, laki saba na nusu. Kukata na kusugua kingo, laki moja na nusu. Ufundi na wabebaji, laki mbili. Laki moja ingebaki kwa ajili ya bomba.

Tatizo ni kwamba bamba hilo lilikuwa fupi kwa shubiri mbili. Na bamba la pili lingevunja bajeti yote.

Ndiyo maana leo Fundi Boksi haondoi macho kwenye mikono ya mkunga. Hadi saa saba boksi limeloa maji ya nyanya karibu na sinki, limejaa unga katikati, na upande wa dirishani lina alama za sufuria. Mwisho wa mlangoni, pale jiwe lilipopangwa kutokeza nje ya kabati la mwisho, kuna funguo na simu basi.

"Mama, hapa hujagusa tangu asubuhi."

"Hapo naweka funguo."

"Shubiri mbili za graniti kwa ajili ya funguo?"

"Sasa nitaziweka wapi?"

"Ukutani. Msumari nakupa bure."

Mkunga anacheka mpaka anashika kiuno. Kisu kinapita, ulimi ule wa mlangoni unaanguka sakafuni, na jiko sasa linaingia kwenye bamba moja. Kabla ya kukunja maboksi yake, Fundi anaandika kwa kalamu nene juu ya kila kipande: JUU.

Neno hilo lilimgharimu. Akiwa bado ameajiriwa, aliwahi kulaza boksi la sinki kichwa chini juu ya jiwe. Jiwe husuguliwa upande mmoja tu, na boksi lililogeuzwa ni kama kiatu cha kulia kwenye mguu wa kushoto. Tundu la sinki likatokea upande usio na bomba. Alikatwa mshahara miezi minane.

"Sikulia siku ile," anasema. "Nililia baada ya ile miezi minane, nilipopokea mshahara mzima."

Siku tatu baada ya kukata boksi la mkunga, yuko kwenye yadi ya mawe. Sheria ya pale haina huruma: jiwe likipasuka, mwenye boksi analipa. Fundi Boksi ana akiba ya laki kumi na tano kwa ajili ya mashine yake mwenyewe ya kukatia mawe, iliyotumika, ya laki thelathini. Bamba likivunjika leo, nusu ya akiba imekwenda.

Anagonga jiwe kwa sarafu, shubiri kwa shubiri, ameinamisha sikio. Linalia vizuri. Kisha kwenye mstari mmoja mweupe sauti inafifia. Hapo pana udhaifu, na boksi la sinki limelala juu yake, sawasawa kwenye ukanda mwembamba wa mbele ambako mawe hupenda kukatikia.

Analisogeza boksi mpaka mstari uangukie ndani ya tundu lenyewe. Pembeni inabaki nafasi ya kidole kimoja.

"Nikate?" anauliza mwendesha mashine.

Fundi Boksi anainama juu ya boksi. Anasoma JUU, anapima tena, anasoma JUU.

"Kata."

Maji yanamwagika, na msumeno unalia kwa dakika arobaini. Jioni wabebaji wanne wanaliingiza jiwe jikoni likiwa limesimama wima, maana likibebwa bapa hukatikia njiani. Linakaa juu ya makabati likiwa zima.

Mkunga analipapasa jiwe kwa viganja vyote viwili. Kisha anaona kipande kilichotolewa kwenye tundu la sinki, kimeegemezwa mlangoni.

"Na hicho?"

"Chako mama, umekilipia."

"Nitakifanyia nini mwanangu? Chukua."

Wateja karibu wote husema hivyo. Nyumbani kwake vimefika thelathini na kimoja. Mpango wake ni kuvitengeneza meza ndogo za jiko kwa wapangaji wa chumba kimoja, meza ambayo mtu akihama anaibeba. Yadi haikati vipande vidogo, na ndiyo sababu ya kutaka mashine. Katika kila jiko humbakia kama laki moja na elfu ishirini. Akifunga mengine kumi na matatu, ataipata.

Meza ya kwanza ina mwenyewe. Mama yake amepanga vyumba vya namna hiyo kwa miaka kumi na sita, amehama mara saba, na hadi leo anakatia mboga sakafuni.

"Nilikwenda kumpimia kona yake kwa boksi, nikamdanganya ni ya mteja," anasema. "Akaniuliza, mteja gani huyo mwenye chumba kama changu? Nikamwambia, mama, ni mtu mmoja mgongo wake unauma, na hajawahi kuniomba kitu."