Asali Kutoka Kivaa

Siku niliyoambiwa nina ugonjwa wa sukari, mashine ilikataa kutoa nambari. Muuguzi alinidunga kidole, akaweka tone la damu mahali pake, akaitazama mashine kwa macho ya mtu aliyedanganywa. Akatoa nyingine kwenye droo, akanidunga kidole cha pili. Nayo ikakataa. Akaniambia sukari yangu imepita pale mashine inapoishia kuhesabu, na kwamba sirudi nyumbani siku hiyo.

Mimi ni fundi wa nguo. Nina kibanda upande wa chini wa soko la Machakos, cherehani moja ya miguu na nyingine ya umeme, ambayo hufanya kazi stima ikipenda. Nashona sare za shule na kanzu za kwaya, na nisipopata hizo nageuza makoti ya mitumba. Tangu tulipovuna mbaazi nilikuwa nimekonda, na wateja wakaanza kunisifu. "Unakula nini, mama, si utuambie na sisi?" Nami nilicheka nao kama mjinga. Nilipunguza kiuno cha sketi zangu, nikakipunguza tena, bila kujiuliza nyama inakwenda wapi. Uzi ulipoanza kunikatalia kuingia kwenye sindano, nililaumu uzi. Nilinunua wa kampuni nyingine, nikaulaumu huo pia.

Na kiu. Nilikuwa na kiu ambayo siwezi kumweleza mtu asiyeipata. Nilikunywa maji mpaka tumbo likauma, na mdomo ukabaki mkavu vilevile. Nikasema ni jua.

Nililazwa, nikawekewa maji ya mshipa na kudungwa dawa mpaka ile mashine ikakubali kutoa nambari. Nilipotoka nilipewa vidonge na maneno mengi. Sukari basi. Soda basi. Mkate mweupe basi. Ugali uwe wa ngumi moja, mboga zijae sahani. Mimi ni mtu wa kichwa kigumu, yeyote sokoni atakuambia, lakini nikiogopa huwa natii kuliko mtoto wa darasa la kwanza. Nilifika nyumbani nikachukua mkebe wa sukari nikampa jirani, mkebe na kijiko chake. Nilijisikia mtu mwenye msimamo. Halafu nilikaa kitandani nikalia, kwa sababu watoto wangu wako mbali, mume wangu alishatangulia, na chai isiyo na kitu ndani ni kinywaji kibaya sana cha kunywa peke yako.

Mama yangu anaishi Kivaa, kule Masinga, kwenye shamba aliloachiwa na marehemu baba. Nilimpigia simu nikamwambia. Akasema, "Kwani shida iko wapi? Wacha hiyo sukari ya duka. Mimi nitakutumia asali."

Lazima niwaeleze wasiotoka kwetu. Kwetu asali haihesabiwi pamoja na vitu vitamu. Mtoto akizaliwa huguswa nayo ulimini. Mahari bila asali wazee huitazama tu, hawaigusi. Ukikohoa, ukiungua, ukijikata na panga, ukikosa nguvu baada ya kujifungua, ni asali. Na hii ya mama haikuwa ile ya chupa za madukani. Ilitoka kwenye mizinga ya baba, magogo aliyoyachonga mwenyewe na kuyatundika kwenye migunga kando ya mto mkavu. Baba alipofariki, kaka yangu aliendelea kuirina. Kwa hiyo mama aliposema asali, sikuona tofauti kati yake na daktari, isipokuwa mama alikuwa anasema kwa upole zaidi.

Ilifika na gari la jioni, kwenye mtungi wa plastiki uliokuwa wa mafuta ya kupikia, mdomo umefungwa kwa karatasi ya nailoni na kamba ya katani. Nilitia kwenye chai, nikatia kwenye uji wa wimbi. Asubuhi nilikoroga vijiko vya kutosha kwenye maji ya moto, nikanywa kabla ya kula, kama mama alivyoagiza. Vidonge nilimeza. Soda sikugusa. Kwenye harusi moja ya kanisani nilipitishiwa keki nikaikataa mbele ya watu, nikaona wanavyonitazama, nikafurahi.

Nilirudi kliniki nikitarajia kupongezwa. Nambari ilikuwa mbaya. Muuguzi, yule yule, akaniuliza nakula nini, nikamtajia moja baada ya jingine, na kila jambo lilikuwa sawa. Asali sikuitaja. Sikuwa naficha. Aliniuliza chakula, na asali si chakula. Mwishowe akauliza, "Na kwa chai unaweka nini?"

"Asali," nikasema, kwa fahari.

Akaweka kalamu chini. "Mama, asali ni sukari."

"Hii si ya duka. Ni ya mizinga ya nyumbani."

"Hata kama ni ya nyumbani. Ikiingia kwa damu ni sukari tu. Wacha kabisa."

Tulibishana, na sauti yangu ilipanda mpaka wagonjwa kwenye benchi wakageuka. Nilimwambia hajui lolote, amesomea nyuki wa vitabuni. Yeye hakupandisha sauti. Aliniambia nijaribu siku chache bila asali, halafu nirudi nipimwe, damu itajibu yenyewe. Nilitoka nimefura.

Nilikuwa nateremka kuelekea sokoni, bado nikimtukana moyoni, nilipomkumbuka baba. Nilisimama katikati ya njia, mtu wa mkokoteni akanipigia kelele nimpishe.

Baba alikufa nikiwa bado shuleni. Alianza kwa kukonda. Akapata kidonda kwenye kidole cha mguu ambacho hakikupona, na majirani wakaanza kusema mambo ya majirani. Na maji. Mtungi wa maji ulikaa kando ya kitanda chake, nasi tulishinda kisimani kwa ajili yake. Mama alipoona anakonda, na ana kiu, na hana nguvu, alifanya ambacho mke yeyote wa Kivaa angefanya. Alimkorogea asali. Asubuhi alimpa, mchana alimpa, jioni alimpa. Kadiri alivyozidi kudhoofika ndivyo mama alivyozidisha, akaacha kuuza hata tone ili mgonjwa asikose. Watu walimsifu kwa hilo siku ya mazishi. Mpaka leo, mama akiongea juu ya ugonjwa wa baba, humaliza kwa kusema kwamba angalau hakumnyima. Hilo ndilo analoshikilia. Hana lingine.

Pale njiani niliona jambo zima mpaka mwisho wake. Nikimwambia mama aache kutuma asali, ataniuliza sababu. Nikimpa sababu, hatahitaji kuelezwa mengine. Mama hakusoma, lakini si mjinga. Nikaamua kwamba hatajua kamwe. Mimi ningeacha asali, sukari yangu ingeshuka, yeye angeendelea kutuma na mimi ningeendelea kushukuru.

Mwanzoni ilikuwa rahisi. Mitungi ilifika, nikaipanga nyuma ya marobota ya vitambaa. "Umepata?" "Nimepata, mwaitu." "Unakunywa?" "Nakunywa." Niliita mwaitu, yaani mama, kwa sauti ya utamu niliyojua si yangu. Na damu ilijibu kama muuguzi alivyosema. Nambari ikaanza kushuka. Uzi ukaanza kuingia kwenye sindano. Nilipaswa kufurahi, lakini kila nambari nzuri iliniambia jambo lile lile kuhusu baba.

Mvua za Novemba ziliponyesha, mama alikuja. Kaka alikuwa amepita mjini, akaniona nimekonda bado, akaenda kumwambia. Mama aliacha palizi katikati, wakati ambao hakuna mtu mwenye akili anaacha shamba, akatokea kibandani kwangu na viatu vya matope na mtungi mpya. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akaupima kwa vidole vyake.

"Sasa nimekuja," akasema. "Nitakukorogea mimi mwenyewe."

Kesho yake asubuhi alisimama mbele yangu na kikombe. Alisimama mpaka nimalize. Ningesema nini? Nilijaribu kusema nitakunywa baadaye, akasema itapoa. Nilijaribu kusema nimeshiba, akasema si chakula. Nikanywa. Ilikuwa tamu kuliko nilivyokumbuka, na nilikunywa nikiogopa, mbele ya mtu ninayempenda kuliko wote waliobaki. Kesho yake tena. Na ile ya baada yake. Nilijiambia ni siku chache, palizi itamrudisha nyumbani, mwili utavumilia. Nilijua ni upuuzi. Mchana, akija na chai kibandani, nilikunywa na hiyo.

Haikuchukua muda. Kiu ilirudi kama mwenye nyumba. Miguu ikaanza kuchoma kwenye nyayo. Msimu wa sare ulikuwa umeanza, nami nilishona mkono wa kanzu ya kwaya nje ndani, nikaufumua, nikaushona tena nje ndani. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja akichambua maharagwe kwenye ungo. Nje manyunyu yalikuwa yanaanguka na watu walipita wamejifunika mifuko kichwani. Nilikunywa chupa ya maji nikaimaliza. Nikafungua nyingine.

Mkono wa mama ulisimama juu ya ungo.

"Mwiitu wakwa," akasema, binti yangu, "hii kiu imekuanza lini?"

"Ni jua tu."

"Jua gani? Kunanyesha."

Nilikanyaga cherehani kwa nguvu ili kelele ijaze kibanda. Alingoja mpaka uzi ukakatika, maana ulikuwa lazima ukatike.

"Baba yako alikuwa anakunywa hivyo."

"Watu wengi wanakunywa maji, mwaitu."

"Si hivyo. Hivyo ni yeye peke yake." Akaweka ungo chini, taratibu, ili maharagwe yasimwagike. "Daktari alisema nini juu ya asali?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimemdanganya kwa wiki nyingi kwenye simu, nikawa hodari. Lakini alikuwa ananitazama usoni, na mimi nilikuwa nimechoka, na macho yangu yalikuwa yameanza kufifia tena mpaka sura yake sikuiona sawasawa. Nikasema, "Wakati ule hakuna mtu alijua. Hata hospitali hawakumpima. Hakuna mtu angejua."

Nilisikia nilichosema baada ya kukisema. Yeye hakuwa ameuliza juu ya wakati ule.

Mtu alikuja kuuliza kama sketi ya binti yake iko tayari, nikamwambia kesho, akaondoka. Nikaanza kumweleza mama mambo yote kwa haraka, kwamba baba alikuwa ameshaugua kabla ya asali, kwamba bila dawa angekufa tu, kwamba asali haileti ugonjwa, huo mguu ungemuua vyovyote. Yote ni kweli, nimeshamuuliza muuguzi. Niliyasema vibaya, nikirudia rudia, nikitaka anikatize. Hakunikatiza.

Nilipomaliza, akasema, "Aliniambia niache."

"Nini?"

"Baba yako. Siku za mwisho. Alisema ni tamu sana, inamzidishia kiu, nimpe maji tupu. Nikamwambia asiwe kama mtoto." Alijipangusa viganja kwenye leso, ingawa havikuwa na kitu. "Nikamshika kichwa, nikamnywesha."

Nilimwendea nikapiga magoti kwenye sakafu ya vipande vya nguo, nikamkumbatia miguu. Hakulia. Alinipapasa bega mara moja, halafu akauondoa mkono. Akaniambia ninywe maji.

Aliondoka kesho yake asubuhi kurudi kwa palizi. Sikukorogewa kitu. Mitungi aliikuta nyuma ya vitambaa alipokuwa anatafuta mwavuli wake, aliitazama tu, wala hakuuliza. Asali haijatumwa tena, na kaka anasema mwaka huu mama alimwambia airine na kuiuza yote.

Sukari yangu sasa iko pazuri. Muuguzi ananiita mgonjwa wake wa mfano, na wale wapya huketishwa karibu nami kwenye benchi ili niwatie moyo. Huwa nawaambia wameze dawa, watembee, na wasifiche wanachoweka kwenye chai. Lile la baba siwaambii.

Nikienda Kivaa, mama hunipokea vizuri. Tunaongea juu ya mvua, juu ya mbuzi, juu ya watoto wangu. Wakati wa kula ukifika ananionyesha jikoni kwa kidevu, anasema sufuria iko pale, jipakulie. Nikipakua, yeye hutoka nje akajifanya anafukuza kuku, na harudi mpaka asikie nimeosha sahani. Nikimwomba maji, ananiambia yako mtungini. Hata maji, mama hanipi tena kwa mkono wake.