Barira na Vitabu vya Mke Mwenzake

Katika mtaa wao mjini Kano, hakuna aliyechukia vitabu kama Barira, mke mkubwa wa Malam Idi mtia rangi nguo. Hakuzaliwa na chuki hiyo. Ilimwingia mwaka ule Malam alipomleta Lantana, mke wa pili, aliyekuja na masanduku mawili: moja la nguo, la pili la riwaya za sokoni, zile nyembamba za Kihausa zinazotoka sehemu kwa sehemu.

Lantana alikuwa akimaliza kitabu hapumziki. Anakifunga, anashusha pumzi moja, mkono umeshashika kingine.

"Umemaliza?" Barira humuuliza, mwiko mkononi.

"Nimemaliza, bi mkubwa."

"Basi njoo uoshe vyungu."

"Ngoja, nimeanza kingine."

"Kingine! Kwani umeolewa na Malam au na makaratasi?"

"Malam hajalalamika."

"Malam hajui kulalamika. Angejua, asingekuoa."

Kila Alhamisi alasiri majirani walikuja, Lantana akawasomea kwa sauti. Barira hakukaa nao, thubutu! Alikaa nyuma ya ukuta wa jiko akidarizi kofia zake za kuuza, mgongo kawapa. Lakini ilipofika hadithi ya Zulai, binti aliyetoroka siku ya harusi yake, sindano ilianza kusimama. Wiki tatu Barira alidarizi nusu ya kofia.

Alhamisi ya nne Zulai alikuwa mlangoni kwa shangazi yake, anabisha hodi. Hapo Lantana akauona upindo wa mtandio wa Barira ukijitokeza nyuma ya ukuta. Akanyamaza.

"Mbona umekatiza?" majirani wakalalamika. "Nani kafungua?"

"Njooni chumbani niwamalizie," Lantana akasema, na akapaza sauti. "Huku nje kuna masikio hayajaalikwa."

Wakaingia, pazia likashushwa. Barira akabaki na kofia yake.

Angeweza kumuuliza jirani. Afadhali afe! Siku Lantana alipokwenda kwenye sherehe ya kumpa mtoto jina, Barira aliingia chumbani mwake, akakitoa kitabu na kuketi nacho mkekani. Akayakodolea macho maandishi, ukurasa baada ya ukurasa, kana kwamba ukaidi ungeyafanya yaseme. Hakusikia mlango.

"Bi mkubwa," Lantana akasema nyuma yake, "umekishika kichwa chini, miguu juu."

Akacheka. Alicheka hadi jirani akachungulia kuuliza kulikoni. Barira alinyanyuka, akatoka nacho hadi jikoni, akakitumbukiza katika sufuria ya mchuzi wa majani ya mbuyu. Siku hiyo Malam Idi alikula kwa rafiki yake, na wake zake hawakusemezana hadi mwezi wa mfungo ulipoandama.

Mfungo ulipokwisha, Barira, mwenye miaka arobaini na sita na wajukuu wawili, alijiandikisha darasa la kisomo la kina mama.

"Unataka kusoma Kurani vizuri zaidi?" mwalimu alimuuliza.

"Kurani naisoma tangu utotoni; hizi herufi za Kizungu ndizo sizijui. Nataka kusoma anachosoma yule mwanamke, nisimhitaji."

Ilimchukua miaka miwili. Akajinunulia kitabu cha Zulai sokoni, akakisoma uani mchana kweupe, kidole chini ya kila neno. Shangazi ndiye aliyefungua mlango, kumbe! Alipofika ukurasa wa mwisho kifua kilibaki kitupu kama nyumba wageni walipoondoka. Hakustahimili utupu ule. Mkono wake wenyewe ukapapasa mkeka, kutafuta kingine. Ndipo akaelewa kwa nini Lantana hakuwa akipumzika, na kumwelewa kukamwongezea hasira.

"Sehemu ya pili ninayo," Lantana akamwambia kutoka mlangoni pake.

"Kaa nayo."

"Zulai anaolewa na—"

"Nyamaza, mwanaharamu wewe!"

Barira akaziba masikio. Lantana akalitaja jina la bwana harusi kwa sauti ya mnadi samli, nyumba tatu zikasikia.

Kesho yake Barira alimtuma binti yake sokoni na agizo moja: riwaya mpya kabisa, ambayo haijafika bado mtaani. Zikaja tatu. Akafungua ya kwanza uani, akaisoma mpaka mwisho, akacheka peke yake, akaifungia sandukuni na kufunua ya pili papo hapo.

"Inahusu nini?" Lantana akauliza. Hakuweza kujizuia.

"Osha vyungu," Barira akasema, akageuza ukurasa.