Kilichopitia kwa Baba

Msusi yule alisifika mtaa mzima kwa wepesi wa mikono, na mdomo pia. Aliyeketi kwenye kiti chake aliondoka na nywele nadhifu na mbavu zinazouma kwa kucheka. Alipopatikana na saratani ya mfuko wa mayai, alipasuliwa, akatundikiwa dripu za dawa kali, nywele zote zikapukutika.

"Msusi kipara! Na bado mnaniamini?" aliwatania wateja wake.

Baada ya mwaka uvimbe ulirudi. Safari hii daktari wake, mama mpole aliyependa kuvuta kiti akae karibu na mgonjwa, alipima na vinasaba.

"Seli za mwili huharibika kila siku, zikajirekebisha," alimweleza. "Njia zake ni zaidi ya moja. Wewe umezaliwa na hitilafu kwenye njia mojawapo. Seli zako zenye afya bado zinajimudu, lakini za uvimbe zimeipoteza kabisa njia hiyo. Tukishaupunguza kwa dripu, nitakupa vidonge vya kuziba njia nyingine. Uvimbe ukikosa pa kujirekebishia, unakufa."

"Kumbe nao una pa kushikwa!"

"Unapo. Ila siahidi kuung'oa wote. Halafu hitilafu hii ni ya kurithi. Ndugu zako nao wapime."

Vidonge havikumtisha. Kilichomtatiza ni kaka yake, dereva wa lori, ambaye tangu shangazi yao afe kwa saratani ya titi hakutaka ugonjwa huo utajwe mbele yake. Akamfuata gereji, akamkuta anabadilisha tairi.

"Mdogo wangu, hayo ni maradhi ya kike. Yananihusu nini?"

"Kwani baba alikuwa mwanamke? Shangazi alikuwa dada yake. Daktari anaona hitilafu hii imepitia kwa baba ikanifikia mimi. Huenda na wewe unayo, kaka, na una mabinti wawili."

Kaka mtu akaendelea kukaza nati iliyokwisha kukazwa.

"Nikikutwa nayo nitawatazamaje?"

"Kama unavyowatazama leo. Ila wao watachunguzwa mapema. Mimi nilichelewa."

Akaweka spana chini. "Utanisindikiza?"

"Nawa mikono twende."

Kaka alikutwa nayo. Binti mkubwa alikutwa nayo pia. Mdogo hakuwa nayo. Siku ile huyo mkubwa ndiye aliyemsogelea baba yake kumtuliza. "Afadhali kujua, baba," alimwambia. Tangu hapo binti huyo hakosi kwenda kuchunguzwa.

Msusi naye vidonge vilimsumbua: kichefuchefu, uchovu, damu ikapungua hadi dozi ikapunguzwa. Lakini picha zilionyesha uvimbe umesinyaa, na mpaka sasa, mwaka wa tatu, haujaota tena. Anafungua saluni asubuhi tu, mchana anajilaza.

Majuzi mteja mmoja alimuuliza, "Kwa hiyo umepona, dada?"

"Sijapona, sijafa," akajibu, akichambua nywele kwa kitana. "Inamisha kichwa kidogo."